Barua ya Bibi wa Mofu: Kishikwambi cha Mwalimu

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Kabla ya somo, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: kishikwambi, mtandao, bando, kupakua, wati.

  Aliye mbali na asogee karibu. Kama redio yakwaruza, igeuzeni polepole mpaka sauti itulie.

Wiki iliyopita tulisoma namna ya kuandika barua. Mwisho wa somo nilimwomba kila mmoja wenu ajaribu kuandika barua moja fupi, yake mwenyewe, asiyoinakili kwa mwenzake. Barua zimefika. Nyingi ni za salamu, na salamu ni jambo jema. Lakini moja imetoka Mofu, katika bonde la Kilombero, nayo haina salamu nyingi. Imeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa. Mwandishi ajieleza kuwa ni mkulima wa mpunga, bibi wa wajukuu wanne, na kwamba hii ndiyo barua yake ya kwanza maishani. Jina lake nitaliweka. Maneno yake nayasoma kama alivyoyaandika:

“Mwalimu wa redio. Katika mkutano wa wazazi tumeombwa tuchange tununue paneli ya jua, ili vishikwambi vya walimu vipate chaji. Wengine wamekubali. Mimi sikunyoosha mkono. Mjukuu wangu wa darasa la nne asema mwalimu hukishika kitu hicho akakitazama, nao hukaa tu. Nataka kujua, kitu hicho ni kazi au ni mchezo? Nikitoa debe langu la mpunga, mtoto atapata nini?”

Basi, shikamoo, bibi. Somo la leo ni jibu lako, na wengine watasikiliza.

Tazameni ubaoni, tusome neno la kwanza pamoja. Ki-shi-kwa-mbi. Tena. Ki-shi-kwa-mbi. Ni neno jipya, lakini sikio langu husikia ndani yake neno letu la zamani, shika. Kishikwambi ni chombo bapa, ukubwa wake kama daftari, uso wake ni kioo. Ukikigusa kioo kwa kidole, chombo hutii. Kwa kazi zake ni ndugu wa simu kubwa za siku hizi, ila uso wake ni mpana zaidi, na kwa hiyo hufaa zaidi kusomea.

Vishikwambi hivi vilifikaje kwa walimu? Mnakumbuka Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Makarani walipopita nyumba kwa nyumba hawakuandika kwenye karatasi kama zamani. Waliuliza, wakagusa kioo. Sensa ile ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi nzima. Kazi ilipokwisha, Serikali iliona si vema vyombo vile vilale stoo, ikaamua vipelekwe kwa walimu. Hivyo huenda kioo kilichokuhesabu wewe, bibi, na wajukuu wako wanne, ndicho kilicho mkononi mwa mwalimu fulani leo. Kwa karani kilikuwa na kazi moja inayojulikana. Kwa mwalimu kina kazi mia, au hakina hata moja, kwa kadiri mwenyewe anavyokitumia. Hapo ndipo swali lako lilipoanzia.

Sasa nitawaambia jambo lililonipata mimi mwenyewe, maana sipendi kuwasema walimu wengine kama kwamba mimi sina kosa.

Nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule moja ambayo sitaitaja. Watoto walikuwa 82. Somo lilikuwa milima inayotoa moto. Nikasema moyoni, leo nitawaonyesha mlima wa Ol Doinyo Lengai, ule wa kaskazini mwa nchi yetu, wauone ukitoa moshi na tope la moto kwa macho yao. Nilikuwa nimeiona picha hiyo ya kutembea usiku, nikiwa mjini. Nikaingia darasani na chombo changu kwa fahari kubwa. Nikagusa kioo. Kikaja kiduara kidogo kinachozunguka. Mtandao ulikuwa dhaifu. Tukangoja. Watoto wa mbele wakasimama, wa nyuma wakapanda juu ya madawati. Msichana mmoja akaniambia kwa adabu kabisa, “Mwalimu, kinazunguka tu.” Dakika 20 zikapita hivyo. Mwishowe nikakiweka mezani, nikachukua chaki, nikachora mlima, nikawauliza nani amewahi kuona uji mzito ukichemka. Wote walikuwa wameuona. Unavyofura, unavyopasuka, unavyoruka na kumchoma anayekoroga. Katika dakika 10 zilizobaki wakaelewa. Yule msichana akauliza swali zuri kuliko yote: nani anakoka moto chini ya mlima?

Nilikuwa na uji tangu mwanzo. Lakini sikusema baada ya siku ile kwamba chombo ni kibaya. Kosa lilikuwa langu, nililitegemea lile nisilokuwa nalo. Picha ile ilikuwa mbali, kwenye mtandao, haikuwa ndani ya kishikwambi changu.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana hili ndilo jambo ambalo wengi hawalifahamu, hata walimu wengine. Kitu kilicho kwenye mtandao ni kama mchele ulio ghala la Ifakara. Upo, lakini haupo jikoni kwako Mofu. Ukitaka kuupika leo usiku sharti uwe umeuleta mapema. Kule kuleta ndiko kunakoitwa kupakua. Lisomeni ubaoni: ku-pa-ku-a. Ni neno letu la jikoni, kutoa chakula chunguni na kukiweka sahanini. Mwalimu akipakua kitabu au picha kwenye kishikwambi chake, kitu hicho hukaa humo. Masika yaje, barabara ijae matope, minara isikamate, chaji ikiwapo kitabu kitafunguka.

Na bando ni gunia la kubebea. Gunia lina kipimo, nalo hununuliwa. Vitu havina uzito sawa. Kitabu cha hadithi chenye picha chache ni chepesi. Picha ya kutembea ya nusu saa ni nzito mara nyingi zaidi, yaweza kulimaliza gunia zima. Mwalimu mwenye busara akienda Ifakara kwa shughuli zake, mahali penye mtandao wa nguvu, hupakua vitabu kwanza, picha za kutembea chache tu, zile asizoweza kuzieleza kwa chaki. Tena huzifungua palepale aone kama zimekaa, kabla hajapanda gari la kurudi.

Apakue nini basi? Vyema vipo, na vingine ni vya kwetu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambamo vitabu vya kiada vya shule zetu husomwa bila malipo. Kuna katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kutengenezwa Dar es Salaam na kuonyeshwa mwaka 2014, ambazo hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Nimemwona mtoto akiimba sehemu ya nyimbo hizo akichota maji. Kuna hadithi za African Storybook, mradi ulioanza Afrika Kusini, wenye hadithi katika lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo. Hizo huruhusiwa kupakuliwa na hata kuchapwa kwenye karatasi. Tena iko programu inayoitwa Kolibri, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya mahali pasipo intaneti. Masomo hupakiwa mara moja kwenye kompyuta moja ya shule, kisha vishikwambi vilivyo karibu huyasoma kutoka humo, bila kulipia bando. Wanafunzi msihangaike kuyakariri majina haya. Mwalimu wenu atayaandika ubaoni mkipenda.

Lakini bibi hakuuliza majina. Ameuliza, mtoto atapata nini?

Nitajibu kwa habari mbili, moja ya zamani na moja ya karibuni.

Ya zamani wazee wataikumbuka. Mwaka 1973 ilikuwako kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Chombo cha wakati ule kilikuwa hiki hiki mnachokisikiliza, redio. Watu wapata milioni 2 walikusanyika katika vikundi, vijijini kwa mijini, wakasikiliza Radio Tanzania. Lakini hawakusikiliza tu wakaenda kulala. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake aliyefundishwa, na kijitabu cha kusoma baada ya redio kunyamaza. Walizungumza: je, hapa kwetu maji twateka wapi? Choo kiko wapi? Kisha wakachukua majembe. Vyoo vikachimbwa kwa wingi, madimbwi yakafukiwa. Redio peke yake haikuchimba hata shimo moja.

Ya karibuni ilitokea mkoa wa Tanga. Kulikuwa na shindano la dunia lililoitwa Global Learning XPRIZE. Washindani walitakiwa watengeneze masomo ya kishikwambi ambayo mtoto aweza kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, bila mwalimu. Kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2019, vishikwambi viligawiwa kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga, vikachajiwa kwa nguvu ya jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hesabu ya wasiojua ilipungua nusu. Mwezi wa Mei 2019 washindi walikuwa wawili, Kitkit School na onebillion, na masomo yao yaliachwa wazi yatumiwe na yeyote.

Wapimeni wenyewe maneno haya. Nusu walipata kusoma kitu, na hilo si dogo, maana shuleni wengi wao hawakuwahi kufika. Nusu nyingine hawakupata. Wako waliosikia habari ile wakasema, basi walimu hawana kazi tena. Mimi naisoma kinyume. Kama chombo bila mwalimu kimefika nusu ya njia, ningependa sana kujua kingefika wapi kikiwa mikononi mwa mwalimu anayemjua kila mtoto kwa jina, ajuaye kwamba huyu haoni vizuri na yule hakula asubuhi.

Sasa turudi Mofu, tumtazame mwalimu wa mjukuu. Bibi, mtoto asema mwalimu hukitazama chombo nao hukaa tu. Yawezekana mwalimu anacheza. Siwezi kumtetea mtu nisiyemwona. Lakini yawezekana pia anasoma kitabu cha kiada, maana shule nyingi vitabu havitoshi na nakala yake imo humo. Yawezekana anatazama andalio lake la somo, au anajifunza, kwa kuwa mafunzo ya walimu walio kazini siku hizi hupitia humo pia. Kwa mtoto aliyekaa dawati la nyuma, kazi na mchezo hufanana kabisa. Mwalimu akiinamia daftari hakuna anayemshuku. Akiinamia kioo, kijiji chote kinauliza. Dawa yake ni mwalimu kusema wazi: “Nasoma ukurasa wa 14, kisha nitawasomea ninyi.” Maneno hayo hayagharimu bando.

Nami nitawapa mfano wa kishikwambi kinachofanya kazi ya haki, tena bila mtandao hata kidogo.

Ninyi wa bonde la Kilombero mwamjua mbu. Huko Ifakara wataalamu wamekuwa wakimchunguza mbu na malaria kwa miaka mingi, na Taasisi ya Afya Ifakara yajulikana dunia nzima kwa kazi hiyo. Basi mwalimu wa sayansi afundisha maisha ya mbu. Akionyesha picha zilizotengenezwa Ulaya, watoto watatazama, watafurahi, watasahau. Lakini na atoke nao hadi kwenye dimbwi lililo karibu. Yeye mwenyewe, si mtoto, achote maji kwa bakuli jeupe. Viluwiluwi vitaonekana vikicheza. Hapo ndipo akitoe kishikwambi, apige picha ya karibu, kisha aikuze kwa vidole viwili mpaka kiluwiluwi kiwe kikubwa kama samaki. Watoto watazame jinsi alivyokaa. Yule wa mbu aenezaye malaria hulala sambamba na uso wa maji. Yule wa mbu wa kawaida wa mashimo ya maji machafu huning'inia kichwa chini. Tofauti hiyo yaonekana kwa jicho, ila jicho lahitaji kusaidiwa. Darasani watachora kwa mkono walichokiona, kila mtoto kwenye daftari lake. Jioni mtoto atafika nyumbani na kumwonyesha bibi yake dimbwi lipi la kufukia.

Mwalimu wa watoto 80 aweza kufanya vile? Aweza, kwa vikundi vya kumi kumi. Kikundi kimoja kizunguke kishikwambi, vingine vichore au vihesabu, kisha vipokezane. Kumwinulia kila mtu kioo cha ukubwa wa daftari kutoka mbele ya darasa ni kujisumbua bure. Na picha za watoto zisisambazwe mitaani. Mtoto si tangazo.

Jambo jingine, nalo lawahusu ninyi watu wazima zaidi kuliko watoto. Kishikwambi kina sikio. Hurekodi sauti. Mwalimu aweza kumwalika mzee aje aeleze jinsi mafuriko yalivyoingia mashamba, jinsi mitego ya samaki ilivyosukwa, jinsi watu walivyosafiri kabla reli ya TAZARA haijajengwa katika miaka ya 1970. Mzee aseme, watoto waandike waliyoyasikia, warudi kwenye sauti pale walipokosa. Imla ya namna hiyo haichoshi. Na mwaka ule mzee atakapokuwa hayupo, sauti yake itakuwapo. Bibi mwenye barua, ningependa kukusikia wewe ukisema.

Tufike kwenye paneli. Chukueni penseli, hii ni hesabu ya leo. Nguvu ya paneli hupimwa kwa wati. Tuseme shule yanunua paneli ya wati 50. Jua kali latupa saa 5 za kazi kwa siku. 50 mara 5 ni ngapi? Semeni. 250. Sasa, si zote zinazofika. Nyingine hupotea katika betri na nyaya, nyingine huzuiwa na mawingu na vumbi. Tuwe waangalifu, tutoe nusu. Zabaki 125. Kishikwambi kitupu hunywa kama 25 mpaka kijae. Gawanyeni 125 kwa 25. Ni 5. Kumbe paneli hiyo yajaza vishikwambi 5 kwa siku, si zaidi. Masika yakiwa na mawingu mazito huenda viwe 2 au 3. Atakayewaambia paneli hiyo itaendesha vishikwambi 20, televisheni na friji, mwambieni awafanyie hesabu ubaoni. Na muulize betri: paneli hukaa miaka mingi, betri huchoka mapema, na itakapochoka nani atanunua nyingine?

Bibi, hukukosea kutonyoosha mkono. Elimu katika shule za msingi za Serikali ni bila ada. Mchango wa mzazi ni hiari yake, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Lakini katika mkutano ujao usikae kimya. Simama uulize vishikwambi viko vingapi na vizima ni vingapi. Uliza ndani yake mmepakuliwa nini kwa darasa la nne. Uliza nani atashika ufunguo wa chumba cha betri, na hesabu ya fedha itasomwa lini mbele ya wazazi. Uliza pia kama jioni taa ya paneli hiyo yaweza kuwaka katika darasa lenu la kisomo, maana nakumbuka umeandika kwamba ninyi husomea kibatari na macho yanauma. Mwalimu mkuu akijibu maswali hayo kwa majina na tarakimu, mimi ningetoa debe langu. Akijibu kwa hasira, ningelirudisha nyumbani nikalikoboa.

Kisha usiku mwite mjukuu. Usimwulize mwalimu ameshika nini. Mwambie akusomee ukurasa mmoja, akuchoree kitu alichojifunza wiki hii, akueleze kwa nini kiko hivyo. Wewe sasa wajua kusoma. Waweza kufuata kwa kidole na kuona kama anasoma kweli au anabuni.

Kazi ya wiki hii. Kwanza, kila mwanafunzi aandike sentensi tatu zenye neno kupakua, mbili za jikoni na moja ya mtandao. Pili, fanyeni hesabu ya paneli ya wati 80 kwa njia tuliyoitumia leo. Tatu, wenye watoto shuleni waandike swali moja la kuuliza katika mkutano wa wazazi, kwa mwandiko unaosomeka. Walimu, zikusanyeni barua mzilete. Ya Mofu nitaitafuta ya kwanza.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo saa hizi hizi.